Binti Anapotaka Kujiunga na Sororiti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Saini

Mzazi aliyesomea Tabora, Machakos au Bukavu, kisha akahamia Marekani, au akabaki nyumbani na kumpeleka binti yake masomoni huko, huenda akalisikia neno sororiti kwa mara ya kwanza siku ile binti anapopiga simu kuomba fedha za kujiunga. Ombi hilo kwa kawaida huja na haraka yake. Fomu ina tarehe ya mwisho, malipo ya kwanza yanatakiwa ndani ya siku chache, na binti mwenyewe amekwisha kuwapenda wenzake wapya. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo. Hatukusudii kumshawishi akubali wala akatae. Tunakusudia ajue binti anaingia katika jambo gani, kwa bei gani, kwa muda gani na chini ya masharti yapi, kwa maana uanachama huu, pamoja na nyimbo na vicheko vyake vyote, ni mkataba.

Chama chenyewe ni kitu gani

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike kilichoundwa ndani ya vyuo vya Marekani na kufika pia Kanada. Aghalabu jina lake ni herufi mbili au tatu za Kigiriki. Katika kila chuo kipo tawi linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe. Juu ya matawi yapo makao makuu ya taifa yanayoweka kanuni na kupokea sehemu ya ada. Na nyuma yao wapo wahitimu, ambao huendelea kuwa wanachama hata baada ya kuondoka chuoni. Kwa hiyo binti anapojiunga huwa ameingia katika vyombo viwili au vitatu kwa mpigo, na kila kimoja kinaweza kumdai fedha.

Vyama hivi ni vya zamani. Kile kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kilianzishwa mwaka 1851 katika chuo cha wasichana cha Wesleyan huko Macon, Georgia, na leo kinaitwa Alpha Delta Pi. Neno sororiti lilikuja baadaye, mwaka 1882, pale mwalimu wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Frank Smalley, alipowapendekezea wasichana wa Gamma Phi Beta neno litokanalo na soror, yaani dada. Hapo awali vyama vya wanawake navyo vilitumia jina lililomaanisha undugu wa wanaume.

Wasomaji wetu wa pwani hawatakosa kuona mfanano na vyama vya lelemama vya zamani: jina la kikundi, sare, viongozi wenye vyeo, mashindano baina ya kikundi na kikundi, na kusaidiana wakati wa arusi na msiba. Hata malalamiko ya mabwana juu ya gharama za sare yanafanana na ya wazazi wa leo. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Kikundi cha mtaani kilijulikana na familia, na mama wa binti aliweza kumwita kiongozi wake barazani akamwuliza jambo. Tawi la chuoni halina uhusiano wowote na mzazi, wala halilazimiki kumjibu.

Vyama hivi havifanani vyote, na ni kosa kuvihukumu kwa kipimo kimoja. Kundi kubwa ni la vyama 26 vilivyo chini ya baraza la National Panhellenic Conference, lililoanza mwaka 1902. Katika vyuo vingi, hasa vya majimbo ya Kusini na Kati Magharibi, hivi ndivyo vyenye majumba makubwa, na ndivyo vinavyoonekana sana katika picha za video. Kundi la pili ni la vyama vilivyoanzishwa na Wamarekani Weusi, ambavyo vipo tisa, vya kiume na vya kike, chini ya baraza la National Pan-Hellenic Council lililoundwa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Vya kike ni vinne: Alpha Kappa Alpha cha mwaka 1908, Delta Sigma Theta cha 1913 na Zeta Phi Beta cha 1920, vyote vilivyozaliwa Howard, na Sigma Gamma Rho kilichoanzishwa Indianapolis mwaka 1922. Wanawake wa Delta Sigma Theta walishiriki maandamano ya kudai kura ya wanawake mjini Washington mwezi Machi 1913, chama chao kikiwa na umri wa majuma machache tu. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alijiunga na Alpha Kappa Alpha alipokuwa mwanafunzi wa Howard. Mbali na makundi hayo vipo vyama vya wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini na ya Asia, na vya mchanganyiko wa mataifa. Kipo pia cha wanafunzi Waislamu, Mu Delta Alpha, kilichoanza Texas mwaka 2016.

Mzazi mwenye asili ya Afrika ana haki ya kuuliza habari ya rangi bila kuona haya. Vyama vya weusi vilianzishwa kwa sababu vile vingine vilikuwa na milango iliyofungwa, na kufungwa huko si hadithi ya karne iliyopita peke yake. Mwezi Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, lilieleza jinsi wasichana weusi walivyokuwa wakikataliwa na matawi ya wazungu chuoni hapo, na ni baada ya habari hiyo kuenea nchi nzima ndipo matawi kadhaa yalipowapokea. Hali leo hutofautiana sana kati ya chuo na chuo. Njia rahisi ya kuipima ni kutazama picha za wanachama wa tawi husika za miaka mitatu minne iliyopita, kisha binti amtafute mwanachama anayefanana naye na kuzungumza naye faraghani.

Tuongeze neno moja, maana mkanganyiko huu hutokea mara nyingi: barua pepe inayomsifu binti kwa alama zake na kumtaka alipe ili aingizwe katika jumuiya ya wanafunzi bora haihusiani na sororiti. Jumuiya za namna hiyo zipo za kweli, na zipo ambazo biashara yake ni kuuza vyeti. Binti aulize ofisi ya taaluma ya chuo kabla ya kulipa.

Uteuzi, na saini inayofunga mwaka

Katika vyama 26 vya kundi la kwanza, uteuzi huwa wa pamoja, nao huchukua siku kadhaa, ama mwezi Agosti kabla ya masomo kuanza, ama mwanzoni mwa muhula wa Januari. Msichana hujiandikisha na kulipa ada ambayo kwa kawaida hairudishwi. Kisha huzunguka tawi baada ya tawi, akizungumza na wenyeji dakika chache kila mahali. Kila jioni matawi hupunguza majina, na wasichana nao hupanga matawi kwa kadiri wanavyoyapenda. Siku ya mwisho orodha hizo mbili huoanishwa, na msichana hupewa mwaliko wa tawi moja. Wapo wasiopata mwaliko wowote. Mzazi ajiandae kwa simu ya machozi siku hiyo, wala asiichukulie kuwa jambo dogo. Binti aliyekataliwa na watu aliozungumza nao kwa nusu saa huweza kuamini kwamba chuo kizima kimemkataa.

Katikati ya pilika hizo ipo hatua ambayo wazazi wengi hawaijui. Mara tu baada ya ziara ya mwisho, kabla ya matokeo, msichana hutakiwa kutia saini makubaliano ya kukubali uteuzi. Siku hizi ni ukurasa katika kompyuta, na hutiwa saini katika dakika za uchovu. Maana yake ni hii: kwa kila tawi aliloliandika katika orodha yake ya mwisho, ameahidi kulikubali likimwalika. Akialikwa naye akakataa, hataweza kujiunga na chama kingine chochote kati ya hivyo 26 katika chuo hicho hadi msimu mkuu ujao wa uteuzi, yaani kwa kawaida mwaka mzima. Hapo ndipo mashauri ya mzazi yanapofaa. Binti asiandike tawi ambalo hayuko tayari kuingia, eti kwa kujaza nafasi. Tena halazimishwi kutia saini. Anaweza kujitoa kabla ya hatua hiyo, na matawi yenye nafasi huendelea kupokea wanachama kwa utaratibu usio wa msimu.

Uanachama wenyewe huja baadaye. Aliyepokea mwaliko huwa mwanachama mpya kwa majuma kadhaa, kisha huapishwa katika sherehe ambayo mambo yake ni siri. Kabla ya kiapo anaweza kuondoka na kubaki huru kwa miaka ijayo, ingawa fedha alizolipa huenda zisirudi. Baada ya kiapo hawezi tena kujiunga na chama kingine kati ya 26, hata akihamia chuo kingine.

Vyama vinne vya weusi havina msimu wa namna hiyo. Mwenye nia huhudhuria shughuli za chama, hujisomea historia yake, hufanya kazi za kujitolea, na hungoja tawi litangaze kwamba linapokea maombi. Aghalabu hutakiwa awe amekwisha kumaliza kiasi fulani cha masomo ya chuo akiwa na wastani wa alama uliowekwa, kwa hiyo anayeingia chuoni mwezi wa kwanza hana sababu ya kuharakishwa na yeyote. Mwanamke anaweza pia kujiunga baada ya shahada, kupitia matawi ya wahitimu.

Tangu Agosti 2021, video za msimu wa uteuzi wa Alabama zilipoenea katika mtandao wa TikTok, imestawi biashara pembeni yake. Wapo washauri wanaojitangaza kumfundisha msichana namna ya kuzungumza, kuvaa na kujipiga picha, na baadhi yao hudai maelfu ya dola. Hatuoni kwamba huduma hiyo ina thamani ya bei yake. Barua za mapendekezo kutoka kwa wahitimu, ambazo zamani ziliwapa taabu wageni wasiojuana na mtu, vyama vingi vimeacha kuzidai, na maelekezo ya mavazi hutolewa bure na ofisi ya chuo. Nguo nadhifu alizokwenda nazo binti zinatosha.

Bei yake kamili

Ada hutofautiana mno. Katika chuo ambacho matawi hayana nyumba, mwanachama huweza kulipa dola mia chache kwa muhula. Palipo na jumba lenye mpishi na mtunza bustani, hesabu hupanda hadi maelfu. Kwa sababu hiyo mzazi asipokee jibu la kwamba ada ni kiasi fulani kwa mwezi. Adai karatasi yenye mchanganuo wa mwaka mzima, nayo ioneshe ada ya tawi, ada ya makao makuu, bima, ada ya jengo, chakula, ada ya kuapishwa na bei ya beji. Ada ya jengo ndiyo inayowashangaza wengi, maana hulipwa hata na asiyelala humo. Kisha yapo yasiyoandikwa popote: fulana ya kila shughuli, picha, gauni la dansi, zawadi kwa yule mdogo aliyekabidhiwa kumlea, nauli ya safari ya pamoja. Wasomaji wanaojua sare za arusi zetu wanaelewa jinsi kitambaa kisicho cha lazima kinavyokuwa cha lazima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kubuni, kwa ajili ya kuonesha njia tu. Tuseme ada ya tawi ni dola 450 kwa muhula na ya jengo ni 250. Kwa mihula miwili hizo ni dola 1,400. Mwaka wa kwanza huongezwa dola 75 za kujiandikisha, 300 za kuapishwa, 100 za beji na 200 za fulana na mengineyo. Jumla dola 2,075. Miaka mitatu inayofuata, kwa ada zilezile na dola 200 za mengineyo, ni dola 1,600 kila mwaka. Kwa miaka minne familia itakuwa imetoa dola 6,875, na hapo binti hajalala katika nyumba ya tawi hata usiku mmoja. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo. Akilipwa dola 12 kwa saa, gharama ya mwaka wa kwanza katika mfano wetu ni saa 173 za kazi kabla ya kukatwa kodi, yaani karibu majuma tisa ya kufanya kazi hadi ukomo wa sheria. Mzazi anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam au Nairobi akumbuke pia kwamba makadirio ya gharama yaliyomo katika hati za viza hayakuhesabu ada hizi.

Fedha za akaunti ya akiba ya elimu iitwayo 529 haziwezi kutumika kwa ada ya sororiti bila kutozwa kodi na adhabu juu ya faida yake. Kodi ya chumba na chakula huweza kukubalika, kwa kiwango ambacho chuo kimekiweka. Ada hiyo haihesabiwi kuwa sadaka katika hesabu za kodi, ingawa chama hufanya harambee za hisani kila mwaka. Kuhusu harambee, mzazi aulize swali moja: je, kila mwanachama amepangiwa kiasi cha kukusanya, na asipokifikisha hulipa mwenyewe? Aulize vilevile habari ya faini. Matawi mengi hutoza wasiohudhuria vikao, na binti anayesomea uuguzi au maabara, mwenye zamu za jioni, anaweza kulipa faini mwaka mzima kwa kosa la kusoma.

Ada zilipwe kwa njia rasmi ya chama na stakabadhi itolewe. Mtu akitaka apelekewe fedha katika simu yake binafsi, kwa maelezo kwamba ni za maandalizi yasiyopitia vitabuni, hiyo ni dalili mbaya, na sababu yake tutaiona punde.

Nyumba ya tawi

Palipo na nyumba, upo uwezekano wa sharti la kuishi humo mwaka wa pili au wa tatu. Sharti hilo huwa limo katika karatasi alizotia saini mwaka wa kwanza. Ikiwa familia imekwisha kulipia chumba kingine, itajikuta na kodi mbili. Katika majimbo mengi aliye na miaka 18 anaweza kufunga mkataba peke yake, lakini wenye nyumba mara nyingi hutaka saini ya mzazi kama mdhamini. Mdhamini maana yake ni mlipaji. Mzazi asitie saini hiyo kabla ya kusoma kifungu cha kuvunja mkataba: binti akiugua, akihama chuo, au akifukuzwa chamani, nani ataendelea kulipa, na hadi lini?

Kwa upande wa malezi, nyumba hizi zina sifa ambayo wazazi hawaitarajii. Vyama vya kundi la kwanza kwa desturi ndefu havikuruhusu pombe ndani ya nyumba za matawi, na nyumba nyingi zina mlezi mtu mzima anayeishi humo. Pombe hunywewa zaidi katika sherehe za nyumba za wavulana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilifanya umri wa kunywa kuwa miaka 21 nchini kote, ila mzazi asiitegemee sheria hiyo kama kitasa cha mlango.

Uonevu wa wapya

Waliosoma shule za bweni wanakumbuka jinsi njuka alivyofanyiwa upande wa Tanzania, na mono upande wa Kenya. Wengi wetu huyasimulia mambo hayo kwa kicheko. Tunaomba kicheko hicho kiwekwe kando, kwa sababu katika vyuo vya Marekani watu wamekufa. Mwezi Februari 2017 kijana wa miaka 19 alifariki Pennsylvania baada ya kunyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokelewa katika chama cha wavulana, akaanguka ngazini, na wenzake wakakawia saa nyingi kuita msaada. Jimbo hilo lilikaza sheria yake mwaka uliofuata, na leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria dhidi ya uonevu wa namna hii.

Kwa wasichana uonevu huchukua mara nyingi sura isiyoacha alama mwilini. Mpya hunyimwa usingizi akikariri majina na nyimbo. Hutumwa usiku kuwapeleka wakubwa kwa gari au kuwanunulia chakula kwa fedha zake. Hukatazwa kuzungumza na rafiki zake wa nje. Husimamishwa mbele ya wenzake mwili wake ukitajwa kasoro moja moja. Nako kulazimishwa kunywa kupo. Vyama tisa vya weusi vilifuta rasmi mwaka 1990 ule utaratibu wa zamani wa kuwatahini wapya kwa majuma mengi, kwa sababu ulikuwa umezaa vipigo. Shughuli yoyote ya namna hiyo leo hufanywa kwa siri, nje ya kanuni za chama chenyewe, na mara nyingi huanza kwa kuomba fedha kwa mkono. Ndiyo maana tukamtahadharisha mzazi juu ya malipo ya simu binafsi.

Wapo wazazi wanaofananisha siri ya kiapo na ile ya unyago, wakaona haifai kuiuliza. Mfano huo una ukweli wake, lakini somo wa mwali alichaguliwa na familia, naye alijibu mbele yao jambo likiharibika. Huku, anayeitwa dada mkubwa ni msichana wa miaka 20. Siri ya maneno ya sherehe haina madhara. Siri ya mahali binti alipo usiku, ya aliyomeza, na ya sababu ya kulia kwake haikubaliki, na hakuna kanuni ya chama cha kweli inayoidai. Mzazi amweleze binti hivyo kabla ya msimu kuanza.

Tarehe 23 Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya shirikisho iitwayo Stop Campus Hazing Act. Chini yake, uonevu unabaki kuwa uonevu hata kama aliyefanyiwa alikubali. Muhimu zaidi kwa mlaji, vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani katika tovuti zao taarifa ya vyama vilivyopatikana na hatia: jina la chama, kosa lililofanyika na adhabu iliyotolewa. Taarifa za kwanza zilipaswa kutoka kabla ya kwisha kwa mwaka 2025. Mzazi atafute taarifa hiyo kwa jina la chuo, na aisome yeye mwenyewe. Tawi lililoadhibiwa mara moja kwa kosa dogo si lazima likimbiwe. Linalorudi katika orodha kila mwaka limejieleza.

Uonevu unaweza kuripotiwa kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, kwa polisi wa chuo, au bila kutaja jina kwa simu ya taifa 1-888-668-4293. Hatari ya uhai huitiwa 911. Mtu aliyelewa asiyeamka anapotikiswa, anayepumua polepole mno, ambaye ngozi yake ni baridi au midomo yake imegeuka bluu, haachwi alale ili pombe imtoke. Majimbo mengi yana sheria inayomkinga kwa kiasi mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 anayeita msaada, na binti aijue ya jimbo lake, maana hofu ya kushtakiwa ndiyo inayowachelewesha wengi.

Mzazi ataambiwa nini na chuo

Kwa ufupi, machache. Sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za elimu humpa haki hizo mwanafunzi mwenyewe pindi anapofika miaka 18 au anapoingia chuo. Mzazi anayelipa karo anaweza kuinyimwa taarifa ya alama, pasipo mtu kukosea. Chuo kinaruhusiwa, bila kulazimishwa, kumjulisha mzazi ikiwa mwanafunzi wa chini ya miaka 21 amevunja kanuni za pombe au dawa za kulevya. Tiba ya tatizo hili ni fomu ya idhini, ambayo binti huijaza kwa msajili. Tunashauri iombwe mapema, wakati wa amani, pamoja na idhini ya kuona hesabu za ada za tawi. Akisita, asilazimishwe, aulizwe tu anasita kwa nini.

Alama zenyewe zifuatwe kwa makini katika muhula wa kwanza. Matawi mengi huweka kiwango cha chini cha wastani na saa za kujisomea pamoja, jambo ambalo limewasaidia wasichana wengi waliokuwa peke yao katika darasa la watu 300. Lakini muhula huohuo hubeba vikao, sherehe na mazoezi ya kiapo. Binti mwenye ufadhili unaotegemea alama anaweza kuahirisha kujiunga hadi mwaka wa pili, na katika vyuo vingi kuahirisha huko hakumfungii mlango.

Kutoka, na deni linalobaki

Mwanachama anaweza kujiuzulu wakati wowote. Afanye hivyo kwa maandishi, kwa tawi na kwa makao makuu, kwa sababu kutoonekana vikaoni hakusimamishi ada, huongeza faini. Ada za muhula ulioanza kwa kawaida zitadaiwa zote, na mkataba wa chumba utaendelea hadi mwisho wake isipokuwa kifungu kingine kinasema hivyo. Ikiwa shida ni fedha tu, aombe kwanza mpango wa kulipa kwa awamu au msaada wa mfuko wa wahitimu. Matawi mengi yanao, ingawa hayautangazi.

Deni lisilolipwa huweza kupelekwa kwa wakala wa kukusanya madeni, na hapo huharibu kumbukumbu za mikopo za binti kabla hajapanga nyumba yake ya kwanza. Barua ya wakala ikifika isitupwe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 humpa mdaiwa siku 30 tangu apokee taarifa hiyo kulipinga deni kwa maandishi, na wakala hulazimika kusimamisha madai hadi atume uthibitisho wake. Deni ni la aliyetia saini. Mzazi asiyekuwa mdhamini hadaiwi, hata kama wakala anampigia yeye simu, na asilipe chochote kwa simu kabla ya kuona karatasi. Barua ya kupinga ipelekwe kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, na nakala yake iwekwe pamoja na ule mkataba wa mwaka wa kwanza.